Insha ya Kuazima

Nina neno na wazazi wa Kwai, na walimu wenzangu pia, wala sitalipaka mafuta. Watoto wetu hufundishwa kuandika insha kama mtu anayebebeshwa mzigo wa mwenzake. Huubeba hata chumba cha mtihani, huutua mbele ya msahihishaji, kisha hurudi nyumbani mikono mitupu. Nasi twawasifu kwamba wamefaulu.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniletea insha juu ya hadithi ya Kiingereza iitwayo Frankenstein, ambayo nilimpa aisome nje ya masomo ya kawaida. Hadithi hiyo ni ya jamii iitwayo Gothiki, yaani hadithi za kutisha, zenye usiku wa dhoruba, majumba ya kale, makaburi na siri za ukoo. Jamii hiyo ilianzishwa na Horace Walpole kwa kitabu chake cha mwaka 1764. Frankenstein ilichapishwa London mwaka 1818 bila jina la mtunzi, kumbe aliyeitunga ni mwanamke kijana, Mary Shelley. Aliianza mwaka 1816 karibu na Geneva, umri wake miaka 18 tu.

Insha ile ilisema kwamba Frankenstein ni jitu baya lililotengenezwa na mtaalamu mwovu, na ya kuwa fundisho la kitabu ni kwamba elimu huleta maangamizi. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kupita kimo cha mtoto yule. Nikamwuliza, “Katika kitabu, jitu hili laitwa nani?” Akajibu, “Frankenstein, mwalimu.” Nikamwambia, “Nionyeshe ukurasa.” Akafungua, akafungua tena, mwisho akanyamaza. Maana ukurasa huo haupo. Kiumbe yule hana jina tangu mwanzo hata mwisho. Frankenstein ni jina la ukoo wa Victor, kijana wa Geneva aliyekwenda kusoma Ingolstadt katika Ujerumani, akamfanyiza kiumbe yule kwa viungo vya maiti. Basi mwanafunzi alikuwa amejishuhudia mwenyewe kwamba hakusoma. Akakiri kwamba insha ameinakili katika simu ya kaka yake.

Nilipoeleza habari hii, mzee mmoja aliniambia, “Mwalimu, kosa ni lenu. Kwa nini mnawasomesha watoto habari za maiti na majitu? Wafundisheni hesabu na ukulima, wasije wakaota ndoto mbaya.” Namheshimu mzee huyu, walakini sikubaliani naye. Watoto wa milima hii hawangojei Waingereza wawaletee hadithi za kutisha. Wamekwisha kuzisikia jikoni kwa bibi zao, ukungu umeifunika njia na moto unazimika. Wala Kiswahili chetu hakikosi vitabu vya namna hiyo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, na ndani yake Bwana Msa hakubali uvumi wa mzimu mpaka ameupima kwa akili. Hofu haiondoki kwa kufichwa. Huondoka kwa kuchunguzwa. Mtoto aliyeisoma hadithi ya kutisha na kuuliza kwa nini inatisha ana nguvu kuliko yule aliyekatazwa asiifungue.

Na mwalimu mwenzangu naye akasema, “Darasa lina wanafunzi wengi, vitabu ni vichache, mtihani uko mlangoni. Wape vitini wakariri, wafaulu.” Najua taabu hiyo, nami ninaibeba kila siku. Lakini namwuliza: je, mkulima wa Kwai akinunua kabichi za jirani na kuzipakia katika lori la Mombo, atasema shamba lake limezaa? Atapata fedha ya siku moja, na shamba lake litabaki pori. Ndivyo alivyo mwanafunzi wa vitini. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Siku atakapoulizwa swali lisilo katika kitini, atasimama uchi mbele ya watu.

Sasa nieleze tuliyofanya na mwanafunzi yule, maana kulaumu peke yake si kufundisha. Kwanza nilimrudishia kitabu, nikamwambia akisome chote, asiandike lolote. Pili nikamwambia aniletee swali moja, si jibu. Swali linalomsumbua yeye mwenyewe. Baada ya majuma mawili akaja, akasema, “Mwalimu, mbona yule kiumbe alikuwa mwema kwanza?” Hapo nikajua kwamba amesoma.

Tatu, nikamtaka ajibu swali lake kwa sentensi moja inayoweza kupingwa. Akaandika hivi: Kosa la Victor si kumfanyiza kiumbe, bali kumkimbia. Sentensi hiyo hakuinakili popote. Ilitoka katika kichwa chake.

Nne, nikamwambia ailinde sentensi hiyo kwa ushahidi. Anayelima mteremko wetu bila matuta hupoteza udongo wote mvua ya kwanza. Insha nayo ni vivyo hivyo, kila fungu na liwe tuta, lishike ushahidi mmoja. Fungu la kwanza likashika usiku ule kiumbe alipofumbua macho, Victor akatoka mbio chumbani kwa kuchukizwa na sura yake. La pili likashika habari za jamaa ya De Lacey. Kiumbe alijificha kando ya nyumba yao, akajifunza kusema kwa kuwasikiliza. Naye alipotambua kwamba ni maskini, akaacha kuwaibia chakula, na usiku akawakatia kuni. Yule mzee kipofu alizungumza naye kwa upole kwa kuwa hakuiona sura yake. Wenye macho walipoingia, mmoja akampiga. La tatu likashika maombi yake juu ya barafu ya milimani, kwamba afanyiziwe mwenzi, naye atakwenda mbali na watu. Victor alikubali, kisha akaivunja kazi ile kabla haijaisha.

Tano, nikamwuliza, “Anayekupinga atasema nini?” Hili ndilo vitini havifundishi kamwe. Akafikiri, akajibu kwamba atasema kiumbe alimwua William, mtoto asiye na hatia, na kuachwa na baba si ruhusa ya kuua. Nikamwuliza kama neno hilo laivunja sentensi yake. Akaandika kwamba dhambi ya baba haimsafishi mwana, wala dhambi ya mwana haimsafishi baba. Wote wawili wana deni. Akaongeza jambo ambalo mimi mwenyewe sikumwambia. Kiumbe aliisoma habari ya Adamu katika utenzi wa Milton, akajilinganisha naye. Na katika kitabu cha Mwanzo, Mungu alimtafuta Adamu hata baada ya kosa, akamvika nguo kabla ya kumtoa bustanini. Victor hakumvika wake hata jina.

Nawauliza, wazazi, je, hilo ni somo baya kwa watoto wenu? Katika vijiji vyetu hakuna baba waliowakimbia watoto wao?

Mtu atasema, “Hayo ni mambo ya shule; yanatuhusu nini sisi wa jembe?” Yanatuhusu sana. Katika hadithi hiyo yumo msichana mtumishi, Justine. William alipouawa, picha ndogo aliyokuwa ameivaa ilionekana katika mfuko wa Justine, naye akakamatwa. Kiumbe ndiye aliyeitia humo. Watu hawakuuliza picha imefikaje pale. Waliona, wakakasirika, wakahukumu. Kasisi akamtisha kwa moto wa milele mpaka akaungama kosa asilolitenda, akauawa. Victor alijua kwamba hana hatia, akanyamaza, akiogopa kudhaniwa mwenda wazimu.

Ndugu zangu, nchi hii yetu imewahi kuona wanawake wazee wakiuawa huko Usukuma kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Waliowaua walikuwa na hakika kubwa na ushahidi haba. Hakukuwa na mtu wa kusimama kati yao na kusema, “Nionyesheni ukurasa.” Mtoto aliyezoea kupokea jibu la kuazima darasani atapokea uvumi wa kuazima barazani. Na yule aliyezoea kuuliza ushahidi uko wapi, na mwenye kupinga asemaje, huyo ndiye nimtakaye awe jirani yangu siku nitakapozeeka na macho yangu kuwa mekundu.

Kwa hiyo nasema wazi. Walimu, tuache kugawa majibu. Tuwape watoto kitabu kizima, hata kama ni kimoja kwa darasa zima, kisomwe kwa sauti. Tukubali insha fupi yenye makosa ya sarufi, iliyo ya mtoto mwenyewe, kuliko ndefu iliyonyooka isiyo yake. Wazazi, mtoto akirudi nyumbani msimwulize amepata alama ngapi tu. Mwulizeni, “Leo umesema neno gani lako mwenyewe, na umelithibitishaje?”

Insha ya pili ya mwanafunzi yule ilikuwa na makosa kumi na moja ya Kiingereza. Niliyasahihisha yote kwa wino mwekundu, kisha nikampa alama ya juu kuliko ile ya kwanza. Akauliza kwa nini, nikamjibu, “Kwa sababu hii ni yako.”