Mgonjwa wa Kisukari Apungukiwapo na Sukari

Miongoni mwa dhana zenye madhara makubwa majumbani mwetu ni ile ya kuamini kwamba, maadamu tabibu amemkanya mgonjwa wa kisukari asile vitamu, basi sukari ni sumu kwake katika kila hali. Na kwa sababu ya dhana hiyo, mzee aliyejidunga insulini alfajiri kisha akacheleweshewa chakula, au aliyemeza kidonge cha kushusha sukari kiitwacho glibenklamaidi akashika jembe kwenda shamba bila ya kutia kitu tumboni, huanza kutetemeka na kutiririkwa na jasho, maneno yakamgongana kinywani, akawa mkali pasi na sababu, na jamaa zake wakabaki kumtazama ilhali kopo la sukari li jikoni. Huyu atasema amelewa, na yule atataka aitiwe mganga wa kupunga pepo. Kwa yakini ni ubongo wake unaokosa chakula, kwani huo huishi kwa sukari iliyomo damuni, na kipimo kishukapo chini ya milimoli 4 kwa lita ni onyo. Kishukapo chini ya 3, akili huanza kumpotea.

Madhali angali na fahamu na aweza kumeza, na apewe papo hapo vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa majini, au nusu ya chupa ndogo ya soda yenye sukari, na baada ya dakika 15 arudiwe iwapo hajapata nafuu, kisha ale chakula. Kama hapana kifaa cha kupimia sukari nyumbani, kisingojewe. Kama amefunga Ramadhani, na afungue saa ile ile, kwani dini haikumtaka mja aihiliki nafsi yake.

Lakini akisha kuzimia, hapo huruma ya jamaa yaweza kumuua, kwa kummiminia chai au asali ikapita njia ya mapafu. Alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, wala asidungwe insulini, bali akimbizwe hospitali atiwe maji ya glukosi mshipani. Na aliyetumia glibenklamaidi, hata akizinduka, sharti apelekwe, kwa kuwa dawa ile hukaa mwilini saa nyingi na sukari huweza kumshuka tena usiku.

Iko sindano ya glukagoni, ambayo hulifanya ini litoe sukari liliyoiweka akiba, na ambayo hata mtu asiye tabibu, akifundishwa, aweza kuidunga msulini. Shirika la Afya Duniani limeitia katika orodha yake ya dawa za lazima, nayo kwetu ni adimu. Insulini ilianza kudungwa mgonjwa mjini Toronto mwaka 1922, na hatari yake ya kushusha sukari kupita kiasi yajulikana tangu zama zile. Kwa hiyo naziomba kliniki zetu zisimkabidhi mtu chupa ya insulini kabla ya kumwita mkewe, mumewe au mwanawe, akaketishwa akaelezwa haya yote, akaulizwa, na akayajibu kwa kinywa chake.