Maktaba zinapoingia mitandaoni: Zinapata nini, zinahatarisha nini?

Mtu mwenye simu mkononi anaweza kuishi karibu kabisa na maktaba ya mji wake na asiingie humo hata siku moja. Anatazama video, anapitia picha, anasikiliza simulizi, lakini hayo yote anayapata kwenye mitandao ambako maktaba yake haipo. Je, maktaba imfuate huko? Na ikimfuata, inapata nini na inahatarisha nini?

Jaribio la Washington

Mfano unaojulikana zaidi ulitoka Marekani. Tarehe 16 Januari 2008, Maktaba ya Bunge mjini Washington ilipakia picha za kale zipatazo 3,000 kwenye Flickr, mtandao wa kuweka na kuchangia picha ambao wakati huo ulimilikiwa na Yahoo. Picha hizo zilikuwa tayari kwenye tovuti ya maktaba yenyewe. Safari hii zilipelekwa mahali ambapo watu walikuwepo.

Miezi kumi baadaye maktaba ilitoa ripoti. Picha zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 10 na kupata maoni zaidi ya 7,000. Watu wapatao 2,500 waliziwekea lebo zaidi ya 67,000 za kueleza kilichomo. Wapo waliohofia kwamba umma ungeleta matusi, lakini maudhui yaliyolazimika kuondolewa hayakufika 25.

Kwetu sisi, takwimu nzito kuliko zote ni nyingine: rekodi zaidi ya 500 za katalogi ziliboreshwa kwa taarifa kutoka kwa wananchi. Watu walitaja majina, mitaa na tarehe ambazo wakutubi hawakuwa nazo. Maktaba iliyokwenda kugawa ilirudi nayo imepewa.

Picha zetu, maelezo yao

Suala hili linatugusa moja kwa moja. Mwaka 2011, Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza iliweka kwenye Flickr maelfu ya picha zilizotoka katika iliyokuwa Wizara ya Makoloni, zikiwemo za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kuuomba umma usaidie kuzitambua.

Haja ya msaada huo inaeleweka. Katika picha za enzi ya ukoloni ni jambo la kawaida gavana kutajwa kwa jina na cheo, huku watu waliosimama pembeni yake wakiitwa tu "wenyeji" au "chifu". Hao ni babu na bibi za watu walio hai leo.

Lakini hapa pana tatizo. Anayeweza kuzitambua sura hizo mara nyingi ni mzee asiye na simu janja wala fedha za bando. Anayeandika maoni mtandaoni ni kijana ambaye hakuwepo. Kuweka picha mtandaoni peke yake hakuwaunganishi wawili hao. Maktaba ya wilaya inaweza kuwaunganisha: ichapishe picha za eneo lake, iwaalike wazee, irekodi wanachokumbuka kwa ridhaa yao, kisha vijana wapeleke taarifa hizo mtandaoni. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Inahitaji ifanyike mapema, kwa sababu mashahidi wanapungua kila mwaka.

Nyumba ya kupanga

Maktaba inayoweka kazi zake kwenye mtandao wa kampuni inapaswa kukumbuka kwamba ni mpangaji. Mwaka 2019, MySpace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa kwa miaka mingi ulipotea wakati wa kuhamisha data. Flickr nayo ilinunuliwa na SmugMug mwaka 2018, na mwaka huo huo ikatangaza kikomo cha picha 1,000 kwa akaunti za bure. Maktaba zilizokuwa katika mpango wake maalumu wa picha za umma zilisamehewa, lakini uamuzi haukuwa mikononi mwao. Kwa hiyo nakala halisi ibaki maktaba, na maoni ya wananchi yahamishiwe kwenye katalogi kabla hayajapotea.

Jambo la pili ni hakimiliki. Kununua kitabu hakumpi mkutubi ruhusa ya kujirekodi akikisoma na kukiweka YouTube. Njia salama ni kutumia kazi zenye leseni huria. Mradi wa African Storybook, kwa mfano, una hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ambazo mtu anaruhusiwa kuzisambaza na hata kuzitafsiri.

La tatu ni gharama kwa msikilizaji. Video ya saa nzima humaliza bando la wiki, ilhali sauti ya dakika tano inapita kwa urahisi kwenye WhatsApp, na hata redioni.

Tunaonaje?

Maktaba haina sababu ya kuukimbia mtandao, lakini isiuchukulie kama ubao wa matangazo tu. Kuhesabu waliotazama ni rahisi. Kipimo cha kweli ni kama picha iliyoandikwa "wenyeji" imepata majina, na kama majina hayo yameandikwa mahali ambapo kampuni haiwezi kuyafuta.