Nyota Yenye Mwenzi Asiyeonekana

Wako miongoni mwetu wanaosema kwamba elimu ya nyota ni anasa ya watu wa ng'ambo, na kwamba kijana wa Busia au Tororo yamtosha kujua biashara ya mpakani. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu ni hizi.

Mwaka 2022 wataalamu walitangaza habari za nyota iliyoitwa Gaia BH1. Nyota hiyo yafanana sana na jua letu, lakini haiko peke yake. Kila siku 186 hivi hukizunguka kitu kisichotoa nuru, chenye uzito wa majua karibu 10. Kitu hicho ni shimo jeusi. Ni jirani yetu kwa kadiri ya mashimo hayo, walakini nuru ya nyota yake husafiri miaka 1,560 hivi kabla ya kutufikia.

Je, kisichoonekana kilipimwaje? Fikiri ng'ombe mweupe aliyefungwa malishoni usiku. Kamba huioni, wala kigingi hukioni. Lakini ukimwona ng'ombe akizunguka, wajua kwamba kigingi kipo, na wajua mahali kilipo. Vivyo hivyo chombo cha Gaia, kilichorushwa na nchi za Ulaya mwaka 2013, kilipima jinsi nyota ile inavyoyumba. Mwendo wake na muda wa mzunguko wake vikijulikana, uzito wa kile kinachoivuta hupatikana kwa kanuni ya Newton, ile ile tunayofundishwa darasani.

Tena kazi hii si ngeni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba huko Cygnus X-1 nyota kubwa ina mwenzi wa giza, nao huzungukana kwa siku 5.6. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Basi pwani yetu ilitoa mahali, na lugha yetu ikatoa jina, lakini hesabu zilifanywa ng'ambo. Hilo ndilo linaloniuma.

Dawa yake ni nini? Kwanza, wanafunzi wasiikimbie fizikia kwa kuwa ni ngumu. Pili, wanafunzi wa zamani watuchangie darubini moja. Tatu, shule za Busia na Tororo zikutane usiku mmoja kila muhula kutazama nyota. Sisi tulio karibu na Ikweta twaziona za kaskazini na za kusini pia, bahati ambayo mtu wa London hana. Forodhani tutaulizwa karatasi zetu, lakini mbinguni hakuna forodha.

Shime, vijana! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha mbinguni sharti ajue hesabu.