Kimondo Kina Kituo, Saza Ina Kifusi

Mgeni akishuka Tunduma, katikati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, akauliza kuna nini cha kutazama katika mkoa wa Songwe, jibu huwa moja: Kimondo. Ataelekezwa kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kwenye pande la chuma lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12 au zaidi. Huko atakuta kituo cha taarifa na watu wa kumwongoza, kwa kuwa eneo hilo limewekwa chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Akiwa na siku ya ziada ataambiwa habari za chemchemi za majimoto na Ziwa Rukwa. Sina ugomvi na Kimondo. Ugomvi wangu ni na orodha inayokomea hapo, kana kwamba kila chenye thamani mkoani ama kilidondoka kutoka angani ama kilibubujika chenyewe kutoka ardhini. Binadamu hamo.

Ilhali kaskazini mwa mkoa huu, katika wilaya ya Songwe, iko Saza, sehemu ya machimbo makongwe ya Lupa. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini mvua yenyewe ilinyesha katika muongo uliofuata. Uingereza iliacha kufungamanisha pauni na dhahabu mwaka 1931. Marekani ikapandisha bei hadi dola 35 kwa wakia mwaka 1934. Uamuzi uliofanyika London na Washington ukajaza watu kwenye vijito vya Chunya. Wazungu waliofilisika kwa mdororo wa uchumi walikuja na karai na matumaini. Waliochimba hasa walikuwa vijana wa Rungwe, Mbozi na kwingineko, waliosukumwa na kodi upande mmja na mahari upande wa pili. Ujira wa Lupa ulimwezesha kijana kununua ng'ombe bila kusubiri hisani ya baba yake, na hapo mizani ya mamlaka katika kaya ikaanza kuyumba. Historia ya ndoa, ya kazi na ya ukoloni Kusini Magharibi haielezeki bila mashimo yale.

Nini kimesalia? Mashimo, misingi ya majengo, na vilima vya kifusi kilichokwisha kusagwa, ambacho wachimbaji wetu hukiita marudio. Lakini marudio bado yana chembe za dhahabu, na bei ya leo inazifanya ziwe na maana. Hivyo kilima cha zamani kinapakiwa, kinapelekwa kwenye mitambo ya sianidi, na eneo linabaki bapa. Simlaumu mchimbaji mdogo hata kidogo. Ana watoto wa kusomesha, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kilima kile ni kitu kingine zaidi ya mchanga wenye pesa. Ninamlaumu mwenye ofisi, mhuri na kifungu cha bajeti.

Mwenye ofisi atajitetea kwa sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo kwa kuangalia umri, na ukomo wake ni wa karne ya 19. Msingi wa kinu cha mwaka 1938 haumo, mpaka waziri atoe tamko rasmi. Ni sheria inayomheshimu mfanyabiashara wa pembe kuliko kibarua wa mgodi. Lakini tamko la waziri halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji mtu wa kuandika dokezo.

Nani aliandike? Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, machimbo ya Lupa nayo yalimegwa: Chunya ikabaki Mbeya, Saza ikaja Songwe. Urithi mmoja ukapata wakuu wa mkoa wawili, na mtoto wa baba wawili, kama mjuavyo, hulala njaa.

Wapo watakaoniambia kwamba utalii wa mashimo ni anasa. Pilgrim's Rest huko Afrika Kusini, kijiji kilichozaliwa na dhahabu mwaka 1873, kimehifadhiwa na nyumba zake, na wageni huenda kujaribu kuchekecha mchanga wa mto. Hata hivyo sitaki tuige kila kitu. Johannesburg iligeuza mgodi wake wa zamani kuwa bustani ya michezo, Gold Reef City, na bembea zikasimama juu ya mahali watu walipofia. Hilo nalikataa.

Ninachotaka ni hiki. Mgeni apelekwe Saza na mchimbaji mwenyewe, aonyeshwe duara lilivyozibwa kwa magogo, karasha linavyosaga mawe, mwalo unavyonasa dhahabu. Kiingilio kiende kijijini kwa risiti inayosomeka ubaoni. Asionyeshwe mtu akichoma zebaki mikono mitupu ili apige picha; Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na sumu ya maskini si burudani. Kisha asimuliwe kwamba umbali si mrefu kutoka hapo uko mgodi wa New Luika, ulioanza kuzalisha mwaka 2012, ili aulize swali ambalo kijana wa Rungwe hakuruhusiwa kuuliza: dhahabu hii inamwachia nini aliyezaliwa juu yake?

Muda umetubana kuliko watumishi wetu wanavyodhani. Kijana aliyeingia kazini Saza akiwa na miaka 18 mwaka 1955, kama yu hai, anakaribia umri wa miaka 90. Wanafunzi wa historia na sosholojia mnaotafuta mada za tasnifu, acheni kwa mwaka mmoja kuandika juu ya Kariakoo. Simu zenu zinarekodi sauti. Nendeni Saza na Mkwajuni likizo hii, muulize wazee walilala wapi, walilipwa nini, nani alifukiwa asitolewe. Na ninyi maofisa utamaduni wa halmashauri mnaonisoma kimyakimya, kabla kilima kingine cha marudio hakijapakiwa, pigeni picha, choreni ramani, na lile dokezo kwa waziri liandikeni juma hili.