Asilimia 62 ya moyo si alama ya mtihani

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee karatasi ya majibu ya moyo.

Kuna jamaa yangu wa miaka 24, kwao Kasulu, anafundisha shule ya msingi Kibondo. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Mwaka jana alipimwa eko, kile kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo ukidunda, katika hospitali moja mbali na kwao. Akarudi na basi, bahasha mkononi, ndani Kiingereza kitupu. Kilichomkaa kichwani ni kimoja tu: EF 62%. Mwalimu akaisoma kama anavyosahihisha mitihani, kwamba moyo umepata 62, basi 38 imeshakufa. Akaahirisha kuoa.

Jamani, EF ni sehemu ya damu inayosukumwa nje na chumba kikuu cha kushoto kila moyo unapopiga. Hakuna moyo unaosukuma yote. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama asilimia 55 hadi 70. Kwa hiyo 62 ni nzuri tu.

Ila tusishangilie mapema. Kwa aliyezaliwa na tundu, EF nzuri haimalizi habari. Yapo maswali manne, nami nilimwandikia arudi nayo kliniki. Tundu liko wapi, na lina milimita ngapi? Damu inapita kuelekea upande gani? Presha ya mshipa unaopeleka damu mapafuni ikoje? Kuna chumba cha moyo kilichotanuka?

Mtu anaweza kuishi na tundu dogo kwa kufuatiliwa tu. Kubwa likiachwa, damu inaweza kufurika mapafuni miaka na miaka, presha ikapanda, mwisho damu ikageuza njia. Ikifika hapo, hata kuliziba ni hatari. Na kwa dada mwenye presha hiyo, ujauzito unaweza kumuua. Mambo haya huweza kwenda kimyakimya kwa miaka, mtu anajiona mzima.

Alipokuwa mtoto, majibu alipewa mama. Leo ni mtu mzima, anaamua mwenyewe kuhusu ndoa, kazi na watoto. Ataamuaje kwa karatasi asiyoielewa? Na msiniambie tatizo ni elimu yake. Hata mwenye shahada ya Kiingereza hawezi kuotea maana ya EF.

Zamani wagonjwa wetu wengi wa moyo walipelekwa India. Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam. Mashine tunazo, mabingwa tunao. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ili mtu aelewe hukumu yake. Sasa mtu aelewe kesi ya shamba, halafu asielewe moyo wake?

Hoja yangu ni ndogo. Chini ya kila ripoti ya eko, daktari aandike mistari mitatu ya Kiswahili: tumeona nini, maana yake nini kwa maisha yako, urudi lini. Najua foleni ni ndefu na madaktari wamechoka. Lakini kijana aliyesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kasulu hadi Dar kupima moyo wake anastahili mistari hiyo mitatu.

Nawasilisha.