Ukimaliza, Funga Mlango

Leo nina neno kuhusu handaki. Si la wachimba migodi. Nasema programu kama ngrok, zinazoipa seva iliyo ndani ya kompyuta yako anwani ya hadharani. Programu hufungua njia kutoka kwako hadi kwenye seva yao, na mgeni anayegonga anwani ile hupitishwa moja kwa moja hadi poti yako, tuseme 8000. Ruta yako haimzuii, kwa sababu wewe ndiye uliyeanza kutoka nje.

Sisi tunaounganisha mifumo na M-Pesa tunalihitaji sana. Majibu ya malipo hutumwa kwa anwani inayofikika kwenye intaneti, na localhost haifikiki.

Tatizo ni uvivu wetu. Juzi nilimwonyesha mteja kazi jioni, nikalala bila kufunga. Asubuhi nikakuta logi imejaa wageni nisiowajua wakitafuta faili ya .env, ninamoweka funguo za siri. Wote walipata 404. Lakini hifadhidata ilikuwa nakala halisi: majina na namba za simu za wateja wake. Nilitokwa na jasho.

Wenzangu husema, "Anwani ni ndefu, nani ataibahatisha?" Anwani si kufuli. Weka neno la siri, tumia data ya kubuni, zima debagi, kisha ukimaliza bonyeza Ctrl+C. Namba zile si zako wala zangu. Ni za watu ambao hata hawajui kompyuta yako ipo.