Hiyo "ya Kutolea" Si Haki: Majibu kwa Ubishi wa Nauli ya Kivaa

Matatu ikishaondoka Kivaa, huko Machakos, kondakta hukunja noti kati ya vidole na kuanza kukusanya nauli kutoka kiti cha nyuma. Hapo ndipo ubishi huanza. Huyu ana noti ya 1,000, yule pesa zake ziko kwenye simu tu, na mama wa dirishani ametumiwa nauli na mwanawe aliye Nairobi lakini hakupata wakala wa kumtolea. Kabla gari halijafika Matuu, kila mtu amekwisha kutoa hoja yake kuhusu njia bora ya kulipa. Nyingi za hoja hizo nimezisikia zikirudiwa hadi zikachukuliwa kuwa sheria, na baadhi zinawaumiza watu wasio na cha kupoteza. Ndiyo maana nimeona nizijibu.

"Pesa taslimu haina makato."

Inategemea imetoka wapi. Mkulima aliyeuza ndengu sokoni akalipwa noti, kwake noti hizo hazina makato, na hana sababu ya kuziingiza kwenye simu ili alipe nauli. Lakini Kivaa ni mahali ambapo pesa nyingi hufika kwa simu. Watoto wako Thika na Nairobi, nao hutuma nyumbani. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza kutumika Julai 2023, kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 kwa wakala hukatwa shilingi 29. Kwa hiyo susu, yaani bibi, anayetoa shilingi 400 ili apate nauli amelipa 429 hata kabla hajakanyaga ngazi ya gari.

Kuna pia gharama nyingine ya noti ambayo haiandikwi popote, nayo ni chenji. Kondakta humwambia mama: "Mwaitu, chenji yako utaipata Matuu." Matuu inafika, abiria wanashuka kwa haraka, wengine wanapanda, kondakta yuko juu ya keria akishusha magunia, na mama wa watu amesimama chini akiita. Anayeunganisha gari la kwenda Thika huamua kuiacha ile hamsini asije akakosa kiti. Hilo nalo ni kato, na ni kubwa kuliko lile la wakala.

"Ukilipa kwa simu lazima uongeze ya kutolea."

Hoja hii ndiyo inayonikera kuliko zote, nami nitakaa nayo kidogo. Tuchukue mfano wa nauli ya shilingi 400. Kondakta anataja namba yake ya simu na kusema utume 430, kwa kuwa akienda kutoa atakatwa. Abiria anatuma 430, na kwa kutuma anakatwa shilingi 7 zaidi. Jumla 437. Abiria wengi hukubali kwa sababu maneno yenyewe yana sura ya ukweli: ni kweli kutoa pesa kuna makato.

Sasa piga hesabu ya gari zima. Matatu ya abiria 14, wote wakalipa hivyo, inamwingizia kondakta shilingi 6,020. Akizitoa zote kwa mkupuo mmoja kwa wakala, kato la kiasi kilicho kati ya 5,001 na 7,500 ni shilingi 87. Alikusanya 420 kwa jina la kutolea. Kato halisi ni 87. Shilingi 333 zimebaki mkononi mwake, na hakuna abiria aliyeambiwa. Ukigawa zile 87 kwa watu 14, kila mmoja alipaswa kuchangia shilingi 6 na senti kidogo, ikiwa alipaswa kuchangia chochote.

Tena mara nyingi hata hizo 87 hazilipwi. Kituo cha mafuta kina namba ya till, ile ya kulipia bidhaa na huduma kwa M-Pesa. Kondakta analipa dizeli moja kwa moja kutoka kwenye simu, bila makato upande wake, na pesa za abiria hazikugeuka noti hata kidogo. Bado alidai ya kutolea.

Najua kondakta si tajiri. Ana hesabu ya mwenye gari ya kufikisha jioni, ana dereva wa kugawana naye kinachobaki, na ana vijana wa steji wanaotaka chao papo hapo. Kama mapato yake hayatoshi, hilo ni jambo la kuzungumzwa na mwenye gari na sacco, yaani ushirika wa wenye magari. Halipaswi kulipwa kimya kimya na mama aliyetumiwa nauli na mwanawe, kwa jina la makato yasiyokuwepo.

"Till ni hasara kwa mwenye gari."

Abiria anayelipa shilingi 400 kwenye till ya Lipa na M-Pesa hakatwi chochote. Mwenye till ndiye anayekatwa, na kato lake ni takriban nusu asilimia, yaani shilingi mbili hivi kwa nauli hiyo. Kwa hizo mbili anapata rekodi ya kila abiria aliyelipa, saa ngapi na kiasi gani, na hakai macho usiku akijiuliza kama gari lilijaa au halikujaa. Ikiwa kuna mtu ambaye till inamfaa kuliko wote, ni mwenye gari.

Wengine huongeza kwamba makondakta huikataa till kwa sababu ni wezi. Hapo nakataa pia. Gari linahitaji noti njiani: tairi likipasuka, fundi wa pembeni mwa barabara hangoji mwenye gari apige simu kutoka Nairobi. Kondakta ambaye kila shilingi inaingia kwenye till ya bosi hubaki barabarani mikono mitupu. Dawa yake ni mwenye gari kumwachia fedha za matumizi ya siku, au kumsaidia kufungua Pochi la Biashara, akaunti ya M-Pesa ya biashara ndogo, ili pesa za kazi zisichanganyike na zake binafsi. Abiria asifanywe kuwa ndiye suluhisho.

"Ukilipa kwa simu una ushahidi."

Una ushahidi nusu. Ujumbe unaokuja baada ya kumtumia kondakta una jina lake, kiasi na saa. Hauna namba ya gari, hauna mahali ulipopandia wala unaposhukia. Ukisahau mzigo, au ukishushwa kabla ya mwisho wa safari kwa kuwa gari limegeuza, ujumbe huo unamtaja mtu ambaye sacco inaweza kusema haimjui, maana kondakta wa leo si lazima awe wa kesho. Ujumbe wa till yenye jina la sacco una uzito zaidi. Vyovyote utakavyolipa, soma namba ya gari kabla ya kupanda na uiandike.

Na soma jina linalojitokeza kabla hujathibitisha. Pesa ikienda kwa mtu mwingine, unaweza kupeleka ujumbe wa M-Pesa wa malipo hayo kwenye 456 kuomba irudishwe, lakini kama aliyepokea ameshaitumia, umechelewa. Ndani ya gari linaloruka mashimo, tarakimu moja hukosewa kirahisi sana.

"Mpe kondakta simu akusaidie."

Hapana. Jibu halihitaji kurefushwa, ila lazima litolewe kwa sauti, kwa sababu jambo lenyewe hutendeka mchana kweupe. Bibi mzee anamkabidhi kijana simu, na anamtajia namba ya siri mbele ya gari zima. Hata kama kijana ni mwaminifu, waliosikia ni 13. Kama susu yako hawezi kujilipia kwa simu, mtumie nauli kabla ya siku ya safari atoe kwa utulivu, au wewe mwenyewe uliye Nairobi ulipe kwenye till na umpigie kondakta akuthibitishie. Hilo la pili linawezekana, na ni uzuri wa simu ambao noti haina: anayelipa si lazima awe ndani ya gari.

"Bila simu ya kisasa huwezi kulipa."

M-Pesa ilianza Machi 2007, wakati wengi wetu tulikuwa na simu za vitufe, na hadi leo simu hizo hutuma na kulipa till bila intaneti. Kinachohitajika ni chaji na mtandao. Hivyo viwili vinaweza kukosekana, na mfumo wenyewe huwa unakwama siku nyingine, kwa hiyo mwenye safari ndefu abebe noti za kutosha kumfikisha. Kubeba akiba ya noti hakumfanyi mtu kuwa mshamba.

"Serikali ilileta kadi, abiria wakaidi wakazikataa."

Historia haisemi hivyo. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ilitaka matatu zote ziache noti kuanzia Julai 1, 2014. Tarehe ikasogezwa hadi Desemba mwaka huohuo, kisha jambo likafifia. Kadi zilikuwepo. BebaPay ya Google na benki ya Equity ilizinduliwa 2013 na kufungwa 2015. Shida ilikuwa kwamba kila kadi ilikuwa na kampuni yake na kifaa chake, na kadi ya huyu haikusomwa na mashine ya yule. Anayetoka Kivaa akabadilisha gari Matuu na tena Thika angehitaji kadi ngapi? Wakati huohuo tayari alikuwa na M-Pesa mfukoni, inayofanya kazi kila mahali. Wenye magari nao hawakuukumbatia mfumo uliowekwa juu yao. Kuwabebesha abiria lawama ya mradi ulioundwa bila wao si haki.

"Hata meli za watalii zimeacha noti, sisi tunangoja nini?"

Hoja hii hupendwa na waliowahi kufanya kazi Mombasa. Ni kweli kwamba kwenye meli kubwa za utalii zinazotia nanga Kilindini, abiria halipi soda kwa noti. Anapewa kadi ya chumba, kila anachonunua kinaandikwa, na hesabu hufungwa mwisho wa safari. Lakini kabla ya hapo huulizwa atalipaje. Anaweza kusajili kadi ya benki, na kampuni nyingi humruhusu aweke amana ya noti mapokezini, matumizi yake yakatwe humo na kinachobaki arudishiwe. Wazoefu hata huwaonya wenzao kuhusu kadi inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti, kwa kuwa meli huweza kuzuia kiasi fulani humo na benki ikachukua siku kadhaa kukiachilia. Yaani hata kule noti ina nafasi yake. Tofauti kubwa iko kwenye wakati: abiria wa meli anajua njia na gharama kabla ya kuondoka bandarini, naye wa Kivaa anaambiwa "ongeza ya kutolea" gari likiwa limeshika kasi na hana pa kushukia.

Ndiyo maana sishabikii noti wala simu. Lipa kutoka pale pesa ilipo: kama iko mkononi, toa noti, na ikiwezekana ziwe za kiasi kamili; kama iko kwenye simu, iache humo na ulipe till. Kumtumia kondakta kwenye namba yake binafsi iwe njia ya mwisho, na ukifanya hivyo tuma nauli iliyotajwa stejini, bila nyongeza.

Kwa viongozi wa sacco zinazohudumia Kivaa, Masinga na Matuu: bandikeni namba ya till na nauli ya kila kituo mlangoni, mahali ambapo mtu anasoma kabla ya kuinua mguu. Andikeni chini yake kwamba abiria haongezi ya kutolea, na muweke namba ya simu ya ofisi ya kupokea malalamiko, ipokelewe na mtu anayejibu.